Programu za bure za kugeuza sauti kuwa maandishi mubashara: nimezipima kwa Kiswahili

Habari zenu, karibuni tena. Leo mezani nina laptopu mbili, mixa ndogo ya njia nne, maiki ya waya na simu ya Android. Kazi ni moja tu: mtu anaongea hapa, maneno yake yanatokea kwenye skrini muda huohuo, kwa Kiswahili, na hulipi hata senti. Sizungumzii kurekodi halafu ukaandike nyumbani. Nazungumzia mubashara.

Niwaambie kwanza kwa nini nimelivalia njuga jambo hili. Kazi yangu ni vyombo vya sauti: harusi, mikutano, semina, misiba. Siku hizi ndugu wametawanyika, kwa hiyo karibu kila shughuli inarushwa laivu mtandaoni. Binti wa shangazi yangu ni kiziwi, anaishi Morogoro. Mwezi uliopita tulipata msiba Korogwe. Kikao cha ndugu tukakirusha, na mimi nikawasha programu moja ya bure ili maandishi yapite chini ya picha, dada naye afuatilie. Baba mdogo akasimama, akasema: "Hatutazika kesho, tunamsubiri kaka anatoka Mwanza." Kwenye skrini ikatoka: "tutazika kesho". Ile *ha* ya mwanzo haikuandikwa. Dada akapanda basi la alfajiri peke yake, akiwahi maziko ambayo hayakuwepo. Alipofika alitukuta tumekaa mkekani, hata turubai halijafungwa. Hakunilaumu. Alinionyesha tu picha ya skrini aliyoipiga kwenye simu yake.

Tangu siku hiyo, kila jioni nikishafunga vyombo, napima programu. Sipimi kwa "habari za asubuhi", maana hiyo karibu zote zinaiandika. Napima kwa ile *ha*.

Kabla hatujaanza kufungua moja moja, tuelewane kwenye neno "bure". Kuna programu ya bure kwa maana kwamba hulipii, lakini sauti yako inasafiri hadi kwenye seva za mwenye kampuni, na akiamua kesho kuifunga, basi imekwisha. Halafu kuna programu huria: msimbo wake uko wazi, unaipakua, inakaa kwenye kompyuta yako, na hata bando likiisha inaendelea kufanya kazi. Kwa kikao cha familia, ambapo watu wanataja madeni ya marehemu na mashamba, tofauti hiyo si ndogo. Mimi naegemea kwenye huria. Ila nitawaonyesha za aina zote mbili, kwa sababu ipo ya kampuni ambayo siwezi kuiruka.

Ya kwanza ni Vosk. Huria, leseni ya Apache, imejengwa juu ya Kaldi, zana ya kutambua maneno ambayo watu wa utafiti wa sauti wameitumia miaka mingi. Vosk ilitengenezwa kwa ajili ya mubashara tangu mwanzo. Unaongea, na neno linaanza kuonekana kabla hujamaliza sentensi. Likisikika vizuri zaidi, inalirekebisha palepale. Modeli zake ndogo, yaani mafaili yaliyofundishwa kusikia lugha fulani, zina kama MB 50, hata kikompyuta kidogo cha Raspberry Pi kinazibeba. Na ina kitu kimoja kitamu sana: unaweza kuipa orodha fupi ya maneno, ikasikiliza hayo tu. Kama una mchezo wa jukwaani na unataka taa zibadilike mwigizaji akitamka neno fulani, usihangaike kwingine.

Sasa tatizo. Kwenye orodha ya modeli zao utaona Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kihindi, Kituruki, hata Kiesperanto. Kiswahili hakimo. Nimeiweka mwanzoni kwa sababu mkitafuta mtaikuta inasifiwa kila mahali, na sifa ni za haki. Lakini kwa kikao cha Korogwe haiwezi kunisaidia. Na mkikutana na mwongozo wa zamani unaowaelekeza kwenye DeepSpeech, programu ya Mozilla ya kazi hiihii, upiteni. Haiendelezwi tena.

Twende kwa Whisper, na hapa tutakaa.

Whisper ilitolewa na OpenAI Septemba 2022, kwa leseni ya MIT. Yaani unaichukua, unaiweka kwako, unaitumia hata kwa biashara. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Ukisikia hivyo unasema tumepona. Ngoja kidogo. Sehemu kubwa ya saa hizo ni Kiingereza. Lugha nyingine 96, zote kwa pamoja, zimegawana saa 117,000 za sauti yenye maandishi yake, na mgawo haukuwa sawa hata kidogo. Kiswahili kimo, lakini kwa fungu dogo. Ndiyo maana ukubwa wa modeli kwetu una maana kuliko kwa mtu wa London. Mwenzetu wa kule anachukua ile ndogo na inamtosha. Wewe ukichukua hiyohiyo utaona vitenzi vyetu vinavyokatwa kama muwa: *watakapowasili* inakuwa maneno matatu yasiyo na maana.

Modeli zake zina ngazi. Kwa mafaili ya whisper.cpp, ambayo nitaieleza sasa hivi, tiny ni MB 75, base MB 142, small MB 466, medium GB 1.5, na large karibu GB 3. Mwaka 2024 ikaongezwa ya turbo, ambayo imepunguzwa upande wa kuandika, tabaka 32 zikawa 4, kwa hiyo ni nyepesi kuliko large na kasi yake ni kubwa zaidi. Kwa Kiswahili cha mubashara, mimi chini ya turbo sishuki. Kama laptopu haina kadi ya GPU, ile kadi ya picha inayosaidia mahesabu mazito, feni itavuma na maandishi yatabaki nyuma, na pengo litakuwa linaongezeka jinsi mzungumzaji anavyoendelea. Huyo anafunga sala, skrini bado iko kwenye utambulisho.

Jambo la pili kuhusu Whisper, na wengi hawaambiwi: haikutengenezwa kwa mubashara. Inameza sauti kwa vipande vya sekunde 30. Ukiipa sekunde 5, inajaziwa ukimya hadi zitimie 30. Mafundi wameizungukia. Georgi Gerganov aliandika whisper.cpp, Whisper ileile kwa lugha ya C++, na ndani yake kuna kiprogramu kinachosikiliza maiki moja kwa moja. Mfano uliopo kwenye maelezo yake unachukua sauti kila nusu sekunde na kuitazama kwa dirisha la sekunde 5. Kwa Kiingereza inapendeza. Kwetu dirisha hilo linakata sentensi katikati, na neno lililokatwa ndilo linaloharibika. Mimi narefusha dirisha, nakubali kuchelewa. Na tafadhali, taja lugha mwenyewe, andika *sw*. Usiiachie ikisie, maana mtu akianza na "Haleluya" au "Bismillahi" itakisia lugha nyingine kabisa.

Jambo la tatu ni ukimya. Whisper inajulikana kwa hili: ikikosa sauti ya mtu, inaweza kujitungia maneno. Fikiria msiba, watu wamenyamaza dakika moja kumkumbuka marehemu, halafu skrini inaandika "asanteni kwa kutazama". Dawa yake ni kichujio kinachotambua kama kuna mtu anaongea. Silero VAD ni huria na inafanya kazi hiyo vizuri. Hakuna sauti ya mtu, hakuna kinachopelekwa kwa Whisper.

Lakini sikilizeni hapa, maana ndipo nilipoikuta ile *ha*.

Kichujio kinafunguka kinaposikia sauti ya mtu. Kinahitaji punje ya muda kuamua. Sasa Kiswahili kinaweka ukanushaji wapi? Mwanzoni mwa kitenzi. *Ha*tutazika. *Ha*wakuja. *Si*taki. Na mara nyingi kitenzi ndicho kinachoanza sentensi. Tena *h* yenyewe ni pumzi tu, haina nguvu. Kichujio kinapofunguka, *ha* imeshapita, kinachobaki ni *tutazika*. Mzungumzaji wa Kiingereza akipoteza silabi ya kwanza mara nyingi amepoteza kineno cha kuanzia tu, kama "so" au "well". Sisi tunapoteza "hapana".

Na mixa nayo inashiriki. Mafundi wenzangu, tunapenda kuwasha geti kwenye maiki, yaani ule mpangilio unaofunga njia sauti ikiwa ndogo, ili feni na kuku wasisikike. Geti inafanya kosa lilelile, kabla hata sauti haijafika kwenye kompyuta. Siku ya Korogwe geti yangu ilikuwa imewashwa na kichujio kimewashwa. Milango miwili, yote inachelewa kufunguka.

Kwa hiyo: geti izime kwenye njia inayokwenda kwenye kompyuta. Spika za ukumbini ziachie geti yao, hiyo ni njia nyingine. Chukua sauti kutoka AUX, tundu la pembeni la kutolea sauti kwenye mixa, usitumie maiki ya laptopu, kwa sababu mwangwi wa ukumbi unachanganya programu kuliko kelele za kuku. Acha nafasi juu, sauti icheze kwenye -12 dB hivi, isigonge nyekundu. Na kwenye kichujio, kama unatumia faster-whisper, toleo jingine la Whisper lenye kasi zaidi, kuna mpangilio wa kurudisha kipande cha sauti kilichotangulia. Mimi naweka milisekunde 400. Inaongeza kuchelewa kidogo, lakini *ha* inarudi.

Kama hayo ya kuandika amri hayakufai, kuna LocalVocal. Hii ni programu-jalizi ya OBS Studio, ileile OBS ambayo wengi wenu mnarushia matangazo. Ndani yake ni whisper.cpp. Unaisakinisha, unachagua modeli, inaipakua, unachagua lugha, maandishi yanatokea ndani ya OBS kama chanzo kingine chochote. Kila kitu kinabaki kwenye kompyuta yako. Mwisho wa shughuli unaweza kubaki na faili la maandishi yote. Kichujio chake unaweza kukilegeza kisiwe kikali, fanyeni hivyo. Kwa matangazo ya laivu yenye picha, hii ndiyo ninayoitumia sasa.

Whisper pia inatafsiri kwenda Kiingereza. Kwa ndugu walioko nje mnaweza kushawishika. Angalieni saa. "Saa tatu asubuhi" ikitafsiriwa neno kwa neno, mtu wa Toronto anasoma saa tisa ya usiku. Mimi tafsiri nimeizima.

Sasa ile ya kampuni. Live Transcribe ya Google, kwenye Android, ilitoka 2019. Waliishughulikia pamoja na Chuo Kikuu cha Gallaudet kule Marekani, chuo cha viziwi, na mmoja wa watafiti walioianzisha, Dimitri Kanevsky, ni kiziwi mwenyewe. Inaonekana. Maandishi ni makubwa, hakuna vitufe vya kuhangaisha, na inaonyesha kama kuna kelele chumbani. Kiswahili kipo. Ni ya bure lakini si huria, na kwa Kiswahili utahitaji intaneti nzuri. Mtu mmoja kiziwi aliyekaa mbele kwenye mkutano, simu mkononi: mpe hii, usimfungie laptopu. Ila haiingii kwenye OBS kirahisi, na kwa kikao cha familia sauti inakwenda mbali. Hilo waulizeni wenye kikao kwanza.

Kidokezo kimoja nilichokichelewesha: majina. Whisper inakubali maelezo mafupi kabla haijaanza kusikiliza. Iandikie majina ya watakaoongea na ya mahali: Mzee Shemweta, Mombo, Magoma, Kwamndolwa. Usipoandika, Kwamndolwa inageuka kitu ambacho hata mwenyeji wake hatakitambua. Inachukua dakika mbili kabla ya shughuli, na mtu akiona jina la kijiji chao limeandikwa sawasawa anakaa vizuri kusoma yanayofuata.

Na kuchelewa kupimwe hivi: weka simu irekodi video, mdomo wa mzungumzaji na skrini viwe kwenye picha moja. Halafu rudi nyuma uhesabu sekunde kati ya mdomo na neno. Nilimuuliza dada anaweza kuvumilia sekunde ngapi. Akaniandikia: hata nane, mradi niamini nilichosoma.

Haya, tujaribu sasa mbele yenu. LocalVocal, modeli ya turbo, laptopu hii ya kulia yenye GPU. Naanza geti ikiwa imewashwa. Tazameni skrini.

"Hatutazika kesho, tunamsubiri kaka anatoka Mwanza."

Ngoja... hiyo hapo. *Tutazika kesho, tunamsubiri kaka.* Mnaona? Sentensi imenyooka kabisa, hakuna anayeweza kuishuku. Nazima geti. Nalegeza kichujio. Mdomo uleule, umbali uleule.

"Hatutazika kesho, tunamsubiri kaka anatoka Mwanza."

Moja, mbili, tatu, nne... *Hatutazika kesho, tunamsubiri kaka anatoka Mwanza.*

Dada, najua unasoma hii. Jumamosi ni arobaini, na hivi ndivyo nitakavyokuwa nimeiweka.