Technics SL-1200MK2 na kitufe chake cha antisketi: uzoefu wangu

Kinanda changu cha santuri ni Technics SL-1200MK2, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1979. Nilikinunua kwa dijei mmoja wa klabu hapa Nairobi aliyehamia kwenye kompyuta. Kuhusu mota yake sina mengi: inashika mwendo palepale, haiyumbi, na ndiyo maana madijei wa dunia nzima waliing'ang'ania. Vinanda vya SL-1200 viliacha kutengenezwa 2010, vikarudi sokoni 2016 kwa toleo jipya. Ninalotaka kulisema linahusu kile kitufe kidogo kilicho kando ya shina la mkono unaobeba sindano, kitufe cha antisketi, yaani cha kuuzuia mkono usivutwe kuelekea katikati ya santuri. Hakuna waya wala spika niliyowahi kununua iliyonisaidia kusikia vizuri kuliko kukiweka kitufe hicho sawasawa.

Dijei alikuwa amekiacha kwenye sifuri. Wengi wao hufanya hivyo, maana kazi yao ni kusugua santuri mbele na nyuma. Kwa anayekaa sebuleni kusikiliza upande mzima wa rumba, sifuri haifai hata kidogo.

Sababu ni hii. Kichwa cha mkono, pale inapokaa katriji (kile kijisanduku chenye sindano), kimeelekezwa ndani kidogo. Santuri ikizunguka, msuguano unaivuta sindano kufuata mfuo, ule mchirizi wenye sauti, lakini kwa kuwa kichwa kimepinda, mvuto huo haunyooki hadi kwenye shina la mkono. Unapita pembeni, na matokeo yake mkono mzima unasukumwa kuelekea katikati ya santuri. Sindano inaulalia ukuta wa ndani wa mfuo, ule wa nje inaugusa kwa wepesi. Na kwenye santuri ya stirio, ukuta wa ndani ndio wenye sauti ya kushoto, wa nje ndio wa kulia. Kwa hiyo ukisikia mkwaruzo sikio la kulia peke yake, hasa nyimbo zikikaribia lebo, shuku kwanza kwamba antisketi iko chini. Ukihamia kushoto, huenda umeizidisha. Kitufe chenyewe kinafanya kazi kwa springi ndogo inayouvuta mkono kurudi nje.

Usikiguse kabla kinanda hakijalala sawa. Mimi hutumia pima maji ya fundi, naiweka juu ya sahani, kisha nazungusha miguu ya kinanda hadi povu litulie katikati. Kikiinama upande, mkono utateleza kwa uzito wake tu na utahangaika na antisketi bure. Halafu weka uzito wa sindano, yaani uzito inaoulalia nao mfuo. Katriji yangu ni Ortofon 2M Red, ambayo uzito wake unaopendekezwa ni gramu 1.8, nami nauhakikisha kwa mizani ndogo ya dijitali niliyoipata Luthuli Avenue. Hapo ndipo kitufe kinaingia, na maelekezo yanasema kilingane na uzito: gramu 1.8, basi weka 1.8.

Wengi huishia hapo. Mimi naona namba hiyo ni mahali pa kuanzia tu, kwa sababu kitufe hakijui umbo la sindano yako wala muziki unaopigwa. Msuguano huongezeka na kupungua kadiri mfuo unavyojaa sauti. Kuna wanaotumia santuri laini isiyo na mifuo, wakaangalia mkono unateleza upande gani. Siiamini sana njia hiyo. Pale sindano inateleza kwa ncha juu ya uso mtupu, haijabanwa na kuta mbili kama inavyokuwa kwenye muziki wenyewe.

Njia ninayoitumia inatupendelea sisi wa Nairobi. Pale Kenyatta Market bado utapata santuri ndogo za zamani, benga na rumba za enzi ya River Road, na nyingi ni za mono. Kwenye mono kuta zote mbili za mfuo zinabeba sauti ileile moja, kwa hiyo masikio mawili yanatakiwa kupata kitu kimoja. Chagua iliyo safi, vaa hedifoni, sogeza sindano hadi ubeti wa mwisho karibu na lebo, kisha sikiliza herufi "s" za mwimbaji. Sikiliza hizo tu, achana na gitaa. Kwangu, kitufe kikiwa 1.8, "s" za kushoto zilitoka na mchanga, za kulia safi. Nikakipunguza kidogo kidogo santuri ikiwa inazunguka, kila mara nikingoja mstari mzima upite. Kati ya 1 na 1.5 mchanga ukaisha, na mwimbaji aliyekuwa ameegemea upande akasimama katikati ya kichwa changu. Nimekiacha hapo.

Usitegemee santuri moja, lakini. Iliyopigwa miaka mingi kwenye baa kwa mikono mizito isiyo na antisketi huenda imelika ukuta mmoja, na hiyo itakudanganya hata kinanda kikiwa sawa kabisa. Jaribu na nyingine, zikikubaliana, umefika.

Anayetaka kununua SL-1200 iliyotumika, aombe kujaribu hivi kabla ya kutoa pesa. Sawazisha mkono hadi uelee wenyewe, antisketi ikiwa sifuri. Kisha peleka kitufe taratibu kuelekea 3. Mkono unatakiwa kuanza kuelekea nje bila kukwama, na kadiri namba inavyopanda ndivyo unavyokwenda kwa nguvu zaidi. Ukikaa kimya, au ukishtuka na kuganda njiani, springi au beringi zimechoka, na bei ishuke au uondoke.

Nina hedisheli ya pili, yaani kichwa cha mkono kinachochomolewa, yenye sindano ya ncha ya mviringo, ya santuri zilizochoka. Kuibadilisha ni kulegeza pete na kuikaza tena, lakini lazima nisawazishe mkono upya. Kwa uzito uleule, ncha ya mviringo huhitaji antisketi pungufu kidogo kuliko ile ya duaradufu ya 2M Red, kwa hiyo nimebandika kijikaratasi ndani ya kifuniko cha kinanda chenye namba za kila moja.