Olympus XA: vioo sita ndani ya kamera ya mfukoni

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo sina simu mpya. Wale mlioomba nilinganishe simu za mwaka huu, nivumilieni kidogo, maana kuna kitu kimenishika na hakitaki kuniachia.

Ni hiki hapa. Ngoja nikisogeze kwenye taa. Kikiwa kimefungwa hivi, mtu anaweza kudhani ni kisanduku cha sabuni. Sasa navuta kifuniko kwa pembeni... mmesikia huo mlio? Lenzi hiyo imetokeza, kioo cha kutazamia kiko wazi, tunaweza kupiga. Hii ni Olympus XA, kamera ya mkanda, mkanda ule ule wa milimita 35 tuliokuwa tunaupeleka studio kusafishwa. Ilitoka Japani mwaka 1979. Uzito wake gramu 225 bila mkanda na betri. Ukiiweka kwenye mfuko wa shati, shati halivutiki.

Aliyeibuni ni Yoshihisa Maitani, mbunifu wa kamera wa Olympus. Huyu mzee ndiye aliyeleta Olympus Pen mwaka 1959, ile iliyogawa kila fremu mara mbili ili mkanda wa picha 36 utoe picha 72. Halafu mwaka 1972 akaja na OM-1, akaonyesha kwamba kamera ya kubadilisha lenzi haina lazima ya kuwa mzigo wa shingo. Kwenye XA alitaka mtu asihangaike na kifuniko cha lenzi wala mkoba wa ngozi. Kamera ijifunike yenyewe, ikae mfukoni na funguo na chenji, isichubuke.

Wazo zuri, lakini lina mtego wake. Ili kifuniko kiweze kuteleza mbele ya lenzi, lenzi haitakiwi kutokeza hata kidogo. Na lenzi ya kawaida ya milimita 35 (hapa siyo upana wa mkanda, ni kipimo cha lenzi chenyewe, kinachoamua inaona kwa upana gani), ukipima kutoka kioo cha mbele kabisa mpaka mkanda ulipo, inadai nafasi zaidi ya hizo milimita 35. Kamera ingenenepa. Basi wakapanga vioo kwa utaratibu wa lenzi za kuvutia vitu vya mbali: vya mbele vinakusanya mwanga kwa nguvu, vya nyuma vinaupanua tena kabla haujafika kwenye mkanda. Urefu wote ukashuka chini ya milimita 35. Vioo ni sita, katika makundi matano. Someni hapa mbele, imeandikwa F.Zuiko. Zuiko ni jina la lenzi za Olympus, na F ni herufi ya sita.

Na angalieni ninapovuta huu mkono mdogo chini ya lenzi ili kulenga umbali. Kioo cha mbele kimetulia tuli. Kinachosogea ni cha ndani. Kuna watu hununua kamera hizi kwa sababu ya sura yake ya zamani, na sura kweli anayo huyu, ila mimi kilichonimaliza ni hicho kioo cha ndani kinachosogea bila mtu kukiona.

Nije kwenye picha zenyewe. Hapa kushoto mnaona ya f/5.6, kulia ya f/2.8, mahali pamoja. Hiyo f ni kipimo cha tundu la lenzi linalopitisha mwanga: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Kwenye f/2.8 katikati pako kali kabisa, hesabu nyuzi za huo mkeka, lakini pembe nne zimeingia giza. Giza hilo linaonekana wazi, sitawaficha. Kwenye picha ya mtu mimi nalipenda, linamsogeza mtu mbele. Kwenye picha ya jengo litakukera. Funga tundu mpaka f/5.6 au f/8, pembe zinafunguka na picha inakaza toka upande hadi upande.

Halafu kuna suala la jua letu, na hapa wale wachambuzi wa Ulaya hawatakusaidia. XA unaichagulia ukubwa wa tundu, kasi ya kufyatua, yaani muda mwanga unaoingia, inajichagulia yenyewe, kuanzia sekunde 10 mpaka 1/500 ya sekunde. Mwisho wake ni hapo, 1/500. Sasa weka mkanda wa ISO 400 (ISO ni wepesi wa mkanda kunasa mwanga, namba kubwa unanasa haraka), nenda pale Feri saa sita mchana, jua la utosi. Mwanga ule unadai tundu la f/11 kwenda f/16 kwa kasi hiyo. Ukiacha f/2.8, mshale wa kasi ndani ya kioo cha kutazamia unapita alama ya mwisho na picha inaungua. Maana yake lenzi yako nzuri utaishi nayo ikiwa imebanwa mchana kutwa. Ushauri wangu ni mkanda wa ISO 100 au 200 kwa matembezi ya mchana, na f/2.8 uisubiri kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe au barazani kuanzia saa kumi na moja jioni. Hapo ndipo utajua kwa nini walihangaika na vioo sita.

Jambo jingine letu: kanzu nyeupe. Kipima mwanga cha kamera yoyote ya zamani kikiona weupe mwingi, iwe kanzu, ukuta wa chokaa au mchanga wa ufukweni, kinadhani mwanga umezidi, kinapunguza, na uso wa mtu unatoka mweusi tii bila macho. Geuzeni kamera, huu mkono mwingine ulio chini ya kamera unaongeza mwanga kwa hatua moja na nusu. Usukume kila unapopiga mtu akiwa na weupe au jua nyuma yake. Mkanda wa rangi unavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua, kwa hiyo ukiwa na shaka, sukuma. Mkono huo huo ukiusukuma mbali zaidi unapima betri, na mwisho kabisa unakupa sekunde 12 za kukimbilia kundini. Tena ukiutoa unakuwa mguu wa kusimamisha kamera mezani. Maitani hakuacha kitu kikae bure.

Kuna mtu atauliza, mbona usichukue Rollei 35, ile kamera nyingine ndogo ya mkanda? Swali la haki. Rollei 35 ni kazi ya Mjerumani Heinz Waaske, ya mwaka 1966, chuma kitupu, na lenzi ya Tessar, muundo wa Zeiss, kampuni ya lenzi ya Ujerumani, wa tangu mwaka 1902. Ile ya baadaye yenye lenzi ya Sonnar f/2.8, nasema wazi, kwa lenzi pekee inaipita XA, pembeni hasa. Lakini kuipiga ni ibada. Unavuta lenzi nje, unaizungusha ikaze, unakisia umbali kwa macho, na ukitaka kuirudisha ndani lazima kwanza uvute mkanda. Mtoto aliyekuwa anacheka ameshaenda kuoga. XA ina kipima umbali: unaona taswira mbili katikati ya kioo cha kutazamia, unazileta pamoja, basi. Na ukiwa na haraka, kuna alama mbili za rangi ya chungwa, f/5.6 na mita 3. Weka hapo, na kila kilicho kati ya mita 2 na mita 5 hivi kinatoka vizuri bila kulenga. Sokoni mimi siitoi hapo.

Betri pia. Rollei zile za mwanzo zilitumia betri ya zebaki ambayo haitengenezwi tena. XA inakula betri mbili ndogo za LR44, za kwa fundi saa yeyote Kariakoo.

Kama ndiyo unaanza kabisa na hutaki habari za betri, tafuta Olympus Trip 35, iliyotengenezwa kuanzia 1967 hadi 1984. Hii inajiendesha kwa mwanga wenyewe kupitia ule utepe wa seleniamu unaozunguka lenzi, na giza likizidi kibendera chekundu kinatokea kwenye kioo na kamera inakataa kufyatua. Vioo vinne, kasi mbili tu, na bado inatoa picha za kutundika ukutani. Si ya mfukoni, lakini.

Sasa mkienda kununua XA. Muuzaji akikwambia hana betri, nenda na zako. Tazama ndani ya kioo cha kutazamia, elekeza kwenye taa kisha kivulini, mshale wa kasi upande na kushuka. Usipocheza, acha; hii kamera bila umeme haifyatui kitu. Bonyeza hiki kitufe chekundu, ni chepesi mno, kinaguswa tu, na vingi vimezeeka: kikikataa mara moja kati ya kadhaa, jua kitakukatalia siku ya harusi. Fungua mgongo, pitisha kidole kwenye sponji za kuzuia mwanga. Zikiganda kidoleni kama lami, hilo dogo, sponji hubadilishwa. La mwisho ndilo kubwa kwa sisi wa pwani. Fungua kifuniko, washa tochi ya simu, imulike lenzi kwa pembeni. Vumbi kidogo halina neno. Ukiona vijiuzi vyeupe vimetambaa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu ya unyevu, imeshaanza kula lenzi. Irudishe mezani, mshukuru mwenyewe, ondoka.