Mandolini ya Shilingi 18,000: Uzoefu Wangu Nairobi

Ukiulizia mandolini katika maduka ya ala za muziki katikati ya jiji la Nairobi, utaonyeshwa gitaa kwanza. Mimi nilizunguka River Road na mitaa ya jirani mpaka nikaikuta moja imetundikwa nyuma ya safu ya ukulele, imejaa vumbi, ikiuzwa shilingi 18,000 pamoja na begi lake. Ni mandolini ya umbo la A, yaani lile la tone la maji lisilo na pembe wala mapambo, iliyotengenezwa China, na uso wake ni wa mbao nyembamba zilizogandishwa, si ubao mzima wa mti wa sprusi kama zilivyo mandolini za bei kubwa. Nimeipiga kwa zaidi ya mwaka sasa, nyumbani na kanisani, na anayejiuliza kama ala ya bei hiyo inafaa, jibu langu ni kwamba inafaa, mradi ahesabu ujira wa fundi kuwa sehemu ya bei, kwa sababu inachotoa duka ni kazi ambayo haijamalizika.

Ilivyotoka dukani, nyuzi zilikuwa zimeinuka mno kutoka kwenye shingo, karibu milimita nne katika freti (vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo) ya kumi na mbili, na kubonyeza uzi katika freti ya kwanza kuliacha mfereji kwenye ncha ya kidole. Nilipolalamika, muuzaji aliniambia kwamba vidole vitazoea. Havizoei, na sababu ni rahisi kueleza. Mandolini ina nyuzi nane zilizopangwa jozi nne, kila jozi ikitoa sauti moja, na jozi hizo hupatanishwa kuwa G, D, A na E kutoka sauti nzito kwenda nyembamba, kama fidla. Nyuzi zote kwa pamoja huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, ilhali urefu wa uzi unaopigwa ni sentimita 35 hivi tu, kiasi kinachokaribia nusu ya ule wa gitaa. Uzi ulioinuka sana hulazimika kunyooshwa zaidi unapobonyezwa, hivyo sauti yake hupanda kuliko inavyotakiwa, na kwa kuwa nyuzi mbili za jozi hazinyooki sawasawa, hata jozi iliyopatanishwa vizuri ikiwa wazi huanza kugombana mara tu unaposhika kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Mwanafunzi asiyejua hilo atadhani hana sikio la muziki.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja mwenye karakana ndogo upande wa Ngara, ambaye hutengeneza gitaa na fidla. Alizibonyeza nyuzi katika freti ya kwanza na ya mwisho, akachungulia uwazi uliobaki katikati ili kujua kama shingo imepinda, kisha akajaribu kupitisha kipande cha karatasi chini ya mguu wa daraja, kile kipande cha mbao kinachozibeba nyuzi juu ya uso. Karatasi ilipita. "Kijana wangu," akasema, "hii haina ubaya, ila haijamaliziwa."

Hapo inafaa nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu ndipo mandolini inapotofautiana na gitaa na ndipo fedha za mnunuzi zinapookolewa au kupotea. Daraja la gitaa la kawaida limegandishwa kwa gundi, lakini la mandolini halina gundi wala skrubu ya kulishikiza kwenye uso. Linasimama kwa sababu tu nyuzi zinalikandamiza. Mtetemo wote wa nyuzi hupita katika miguu yake miwili kuingia kwenye ubao, na miguu hiyo isipolala sawasawa, sauti hupotea njiani. Mzee alilegeza nyuzi, akatandika msasa juu ya uso wa mandolini, upande wenye mchanga ukitazama juu, akaanza kulisugua daraja huku na huku juu ya msasa huo, taratibu, bila kulipindisha, mpaka miguu ikachukua mviringo uleule wa ubao ulio chini yake. Kila baada ya muda aliliinua, akalitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akalirudisha. Aliporidhika, alichonga kwa tupa nyembamba vijia vinavyopitisha nyuzi kule karibu na kichwa, akalishusha daraja kwa magurudumu yake mawili madogo, kisha akalisogeza mbele na nyuma hadi sauti ya uzi uliobonyezwa katika freti ya kumi na mbili ilipolingana na ile inayotokea uzi huohuo ukiguswa tu mahali hapo na kupigwa. Alinitoza shilingi 3,000, na akaniuzia nyuzi mpya kwa bei ya kando.

Ilirudi nyumbani ikiwa ala nyingine. Nyuzi sasa zimelala chini ya milimita mbili, na E na A zinatoka safi, zenye makali yanayopenya hata gitaa mbili zikipigwa pembeni. Jozi ya G ndiyo udhaifu wake: ina sauti lakini haina kina, na hapo hakuna fundi atakayesaidia, kwa kuwa mbao zilizogandishwa hazitetemi kama ubao mmoja uliochongwa. Mandolini zilizoweka kipimo cha ubora, kama F-5 ambayo kampuni ya Gibson ilianza kuiunda mwaka wa 1922 chini ya mhandisi wake Lloyd Loar huko Kalamazoo, Michigan, Marekani, huwa na uso wa sprusi uliochongwa na mgongo wa mti wa mepo, na bei ya zile za wakati wa Loar leo hununua nyumba, si gari. Sitalinganisha. Kwa chumba cha kawaida cha ghorofani, hii yangu inatosha, na stima ikipotea jioni ndipo unapojua thamani ya ala isiyohitaji kuchomekwa popote. Kanisani inasikika bila kipaza sauti ikiwa imeandamana na gitaa na waimbaji. Drumu zikianza, iweke kando.

Kuhusu kujifunza, nitasema jambo ambalo wengi hawaambiwi: mandolini ni nyepesi kwa anayeanza kuliko gitaa. Kodi ya G hushikwa kwa vidole viwili tu, katika freti ya pili ya A na ya tatu ya E. Ukihamisha vidole hivyo hivyo kwenye jozi zinazofuata, D na A, una C. Na ukiweka vidole katika freti ya pili ya jozi mbili za pembeni, una D. Kwa kodi hizo tatu unaweza kuandamana na tenzi nyingi zinazoimbwa Jumapili. Aliyewahi kujifunza fidla, na siku hizi jijini wapo vijana wengi waliofunzwa katika makundi kama Ghetto Classics ya Korogocho, atakuta mkono wake wa kushoto tayari unajua njia, na ataongezewa faida ya freti zinazomsahihisha. Mkono wa kulia ndio wenye kazi. Sauti ya mandolini hufa haraka, kwa hiyo noti ndefu hudumishwa kwa kupiga jozi juu na chini mfululizo kwa kasi, na mtetemo huo usipokuwa sawa, kila mtu atasikia. Mtindo wa pili ni ule uliojulikana kupitia mpiga mandolini Bill Monroe wa Kentucky, Marekani, wa kukata kodi kwa ufupi kwenye pigo la pili na la nne kisha kulegeza vidole ili sauti izimike papo hapo. Bendi isiyo na ngoma hupata mdundo wake hapo. Katika nchi inayopenda muziki wa kantri kama yetu, nashangaa kwamba mtindo huu hausikiki zaidi.

Mtu wa Pwani anaweza kuinunua akiwa na taarabu akilini, na itampa ladha hiyo kwa kiasi, maana mandolini imekuwamo katika taarabu tangu zamani. Ajue tu kwamba udi hauna freti na kwa hiyo hufikia zile sauti zilizo katikati ya noti mbili za kawaida, zinazobeba mahadhi ya Kiarabu, ilhali freti za mandolini zinamfungia nje. Kwa nyimbo zinazotegemea sauti hizo, hata fundi bora hatamsaidia.

Hali ya hewa ya Nairobi haijaisumbua. Uso wa mbao zilizogandishwa, ambao nimeulaumu kwa sauti, haupasuki kirahisi katika ukavu wa Januari na Februari, na wakati wa mvua za masika nilihitaji tu kulishusha daraja kidogo. Funguo za kupatanishia ni laini kupita kiasi, na jozi ya A hulegea wimbo ukiwa katikati. Begi ni jembamba, halifai kwa matatu iliyojaa, mimi huipakata.

Tatizo linalobaki ni nyuzi. Seti za mandolini hupatikana kwa bahati, na E, yenye unene wa robo milimita, hukatika kwanza. Nyuzi za gitaa zimejaa kila duka, nazo zinafaa: uzi wa kwanza wa chuma wenye unene wa 10 (yaani sehemu 10 kwa 1,000 za inchi) ndio uleule. Tofauti ni kwamba uzi wa gitaa una kidonge cha shaba mwishoni, na mandolini hutaka kitanzi cha kutundika kwenye ndoano. Kibane kidonge hicho kwa koleo, taratibu, kikipasuka kitoe, na kitanzi kitabaki kizima.