Vumbi la Mbao Nyumbani: Ununue Nini Kwanza Hapa Mombasa

Jirani yangu alianua leso zake kwenye kamba, akazikung'uta mbele yangu bila kusema neno. Asubuhi nzima nilikuwa uani nikipiga msasa mlango wa mvule, mashine ikiwa na kile kifuko chake tu, na unga wa hudhurungi ulikuwa umetanda kwenye leso utadhani ni bizari. Tangu hapo nimejaribu njia kadhaa za kunasa vumbi. Nazipanga kwa kadiri ninavyoona zinastahili pesa.

Tuanze na mashine zenyewe. Maranda ya randa ya umeme ni mazito, yanaanguka, unafagia. Unga wa msasa ndio unaoelea na kuingia kifuani. IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu tangu 1995, na mvule unajulikana kwa kuwasha ngozi na kuamsha pumu. Mafundi wengine huiita mashine ya msasa "sanda". Mimi jina hilo silipendi. Kama pesa yako inatosha kufungia kivuta vumbi mashine moja tu, fungia hiyo ya msasa.

1. Vakyumu (mashine ya kuvuta vumbi) ya karakana na ndoo ya saikloni. Tafuta ile inayovuta vikavu na maji, ya lita 20 hadi 30. Saikloni ni koni ya plastiki inayokaa juu ya ndoo, kati ya mashine na vakyumu: hewa inazunguka ndani yake, vumbi jingi linatupwa ndooni kabla ya kufika kwenye filta. Bila hiyo, msasa wa muda mfupi tu unaziba filta na mvuto unakufa. Ndoo ya rangi ya lita 20 inafaa, mradi iwe ngumu na kifuniko kibane. Iliyo laini hukunjamana yenyewe.

Pesa nyingi hupotelea kwenye mpira, yaani bomba linalounganisha vakyumu na mashine. Nilinunua vakyumu nzuri, nikafika nyumbani nikakuta mdomo wa mpira unacheza kwenye tundu la msasa. Muuzaji alikuwa ameniapia kwamba yote huingiliana! Nilibana kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na klipu, na hadi leo kipo. Wewe nenda dukani na mashine yako mkononi. Angalia pia karatasi za msasa: matundu yake lazima yalingane na ya kitako cha mashine, la sivyo unavuta hewa ya bure. Na msasa ukinata kwenye ubao, punguza mvuto.

Kuhusu umeme, plagi ya ampea 13 kwa volti 240 inabeba kama wati 3,100. Msumeno wa wati 1,400 na vakyumu ya 1,200 zinaenea. Ekstensheni nyembamba iliyoviringwa itapata moto, hivyo ikunjue yote.

2. Vakyumu ya daraja M, yaani kiwango cha kunasa vumbi laini. Hii hunasa angalau asilimia 99.9 ya vumbi, daraja L lililo chini yake ni 99, na hukulilia mvuto ukipungua. Nyingi hujiwasha zenyewe ukiwasha msumeno. Ni bora kuliko namba moja, lakini bei yake ni ya mtu anayekula kwa kazi hii kila siku. Kwa kabati mbili kwa mwaka, hapana.

3. Vakyumu ya zulia. Ya dharura tu. Mfuko wake mdogo hujaa upesi, na mama watoto atajua.

4. Kifuko cha mashine. Umeshasikia habari za leso.

5. Mashine kubwa ya mfuko wa kitambaa. Inahamisha hewa nyingi kwa mvuto mdogo, kupitia bomba la milimita 100. Ni ya mashine za kusimama. Kwa mpira mwembamba wa msasa haifui dafu.

Upepo wa kusi au kaskazi ni msaada ukijua nani yuko upande unakovumia. Barakoa ya FFP2, ile ya kuchuja vumbi laini, vaa hata na vakyumu. Filta ya karatasi ihifadhi pakavu, maana unyevu wetu huiotesha ukungu. Na grenda ya chuma usiifunge kamwe kwenye vakyumu yenye unga wa mbao: cheche moja inatosha kuwasha ndoo nzima.

Dukani, omba iwashwe, ziba mdomo wa mpira kwa kiganja, sikiliza kama hewa inavuja kwenye kifuniko. Wakikataa kuiwasha, jaribu duka la pili.