Programu za rola kosta za kufundishia Fizikia: kabla hujalipa, angalia msuguano

Nililipa shilingi 45,000 kununua flashi yenye kibandiko cha "Fizikia ya Rola Kosta" kwenye duka moja hapa Mtwara mjini. Muuzaji alinihakikishia kuwa ndani mna programu 3 za kujenga rola kosta, ile treni ya burudani inayopandishwa juu na kuachwa iteremke kwenye reli, zote za watoto. Nilipofika nyumbani, 2 hazikufunguka kabisa. Zilikuwa za Adobe Flash, na Adobe walisitisha teknolojia hiyo tarehe 31 Desemba 2020. Mimi nimeuziwa miaka kadhaa baadaye, kwa bei ya kitu kipya. Niliporudi dukani nikaambiwa bidhaa ikishatoka hairudi.

Ile ya tatu ilifunguka, na ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Kila Jumamosi watoto 9 wanakuja barazani kwangu Chikongola, wengi wa darasa la 6 na la 7. Hakuna aliyewahi kuona rola kosta. Siku ya kwanza nilipotaja "kosta" walidhani nasema gari la abiria. Lakini mteremko wanaujua. Aliyewahi kushuka ukingo wa uwanda wa Makonde kule Newala, ndani ya gari lililojaa magunia, anajua tumbo linavyobaki juu wakati kiti kimeshakwenda chini. Nikawaambia, ni kitu hicho hicho, ila hakina injini. Treni huvutwa kwa mnyororo hadi juu, ikaachwa. Kuanzia hapo inaishi kwa nishati tuli iliyopewa, ikiibadilisha kuwa nishati ya mwendo.

Kwenye programu ile tukajenga mteremko wenye kimo cha mita 20. Kila mtu akapiga hesabu kwenye daftari: 2 mara 9.8 (mchapuko wa mvutano wa dunia) mara 20, halafu kipeuo cha pili chake. Jibu ni 19.8, yaani mita 19.8 kwa sekunde, karibu kilomita 71 kwa saa. Tukaachia treni. Ilipofika chini, skrini ikasema 61.

Binti mmoja wa darasa la 7 akachukua ufutio, akafuta 71 yake, akaandika 61.

Alikuwa amepata. Alifuta jibu sahihi kwa sababu kompyuta ilisema vingine, na mimi sikuwa na namna ya kumwonyesha zile kilomita 10 zimekwenda wapi. Nilitafuta kila kona ya programu ile mahali pa kubadilisha msuguano. Hapakuwapo. Msuguano ulikuwa umefungiwa ndani, haukutajwa hata kwa neno moja.

Ndiyo maana mwongozo huu sitauanza na ubora wa picha, wala idadi ya mabehewa, wala rangi. Hayo utayaona mwenyewe kwenye tangazo. Swali langu ni moja: je, mwalimu anaweza kushusha msuguano hadi sifuri, kisha akaupandisha kidogo kidogo watoto wakiangalia? Kama haiwezekani, hiyo ni burudani. Inunue kwa burudani, usiipeleke darasani.

Chaguo langu la kwanza: NoLimits 2. Nasema wazi kwamba naipenda hii kuliko zote. Ni kazi ya Ole Lange wa Ujerumani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2001, na hili la pili mwaka 2014. Wanaojenga rola kosta za kweli wanatumia toleo lake la kitaalamu, na watoto wangu walipolijua hilo walikaa vizuri kwenye mkeka. Kwenye mipangilio ya rola kosta unaweza kujiwekea msuguano wako: tarakimu moja ni ya magurudumu, nyingine ni ya ukinzani wa hewa. Zishushe zote mbili hadi sifuri, jenga mteremko wa mita 20, achia treni. Utaipata 71 yako.

Ila kuna mtego ambao sikuuona umeelezwa popote. Treni ikiwa ndefu, behewa la mbele likifika chini, la nyuma bado liko mlimani. Katikati ya treni, ambako ndiko hesabu ya kimo inakofanyiwa, hapajashuka mita 20 zote. Kwa hiyo weka behewa 1 tu. Mnyororo nao huiachia treni ikiwa tayari na mwendo kidogo. Ukiwa wa mita 2 kwa sekunde, chini utasoma 19.9 badala ya 19.8. Waambie watoto mapema, wasije wakashika ufutio tena.

Baada ya hapo rudisha msuguano, upandishe mpaka skrini isome 61, yaani mita 17 kwa sekunde. Sasa kuna somo. Juu ya mteremko, kila kilo 1 ya treni ilikuwa na jouli 196. Chini imebaki na jouli 144 hivi za mwendo. Zile 52, zaidi kidogo ya robo, zimeishia kwenye joto la magurudumu na kwenye upepo. Tulisugua viganja kwa nguvu tukavibandika shavuni. Binti yule aliandika majibu yote mawili, 71 na 61, na pembeni ya kila moja akaandika hali yake ya msuguano.

Kitanzi nacho ni kitamu. Waache wajenge kitanzi cha duara kamili. Bila msuguano, treni ikiachiwa kutoka kimo cha mara 2.5 ya nusu kipenyo, abiria akifika kileleni anajiona hana uzito, na akifika chini anabanwa kwa g 6, mara 6 ya uzito wake. Wakishaiona hiyo 6 wataelewa kwa nini vitanzi vya kweli vimechongwa kama tone la maji lililopinduliwa, mkunjo wa chini ukiwa mpana na wa juu umebana. Werner Stengel, mhandisi wa Ujerumani, ndiye aliyekokotoa umbo hilo kwa ajili ya rola kosta ya Revolution, iliyofunguliwa kwenye bustani ya burudani ya Magic Mountain, California, mwaka 1976.

Bei yake ni dola 40 hivi, kama laki moja ya kwetu. Ni nyingi, najua. Sisi tulichanga wazazi 6, tukalipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu. Kuna toleo la majaribio. Lijaribu kwanza kwenye kompyuta yako.

La pili: Energy Skate Park ya PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ni ya bure, unaipakua mara moja na inafanya kazi bila intaneti. Msuguano unausogeza kwa kidole, na nishati ya joto inaonekana ikipanda kwenye chati. Kwa mtihani wangu imefaulu. Lakini anayeteleza ni mtoto juu ya ubao wa magurudumu, hakuna treni, na msisimko wa kukaa kiti cha mbele haupo. Kama huna hela, anza nayo.

RollerCoaster Tycoon Classic, inayotokana na michezo ya Chris Sawyer iliyoanza mwaka 1999, inaingia hata kwenye simu na bei yake si kubwa. Ina grafu ya kasi, kimo na g. Msuguano haubadilishwi. Nimemaliza.

Planet Coaster, ya Frontier ya Uingereza, mwaka 2016, ni nzuri mno kwa macho. Inataka kumbukumbu (RAM) ya GB 8 na kadi ya picha ya maana, yaani kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora picha za skrini, na tarakimu zake zimezungukwa na maduka, maua na taa mpaka watoto wanasahau walichofuata.

Na hapo kwenye kadi ya picha ndipo wauzaji wanapotukamata. Kompyuta iliyotumika niliyotajiwa 380,000 mwezi Agosti, mwezi Novemba, hela ya korosho ilipoingia mjini, ilikuwa ileile, kwenye rafu ileile, na mkwaruzo uleule kwenye kifuniko, kwa 470,000. Nilipouliza kuhusu kadi ya picha bei ikaongezeka tena, na kijana wa dukani hakuweza kunionyesha kadi yenyewe kwenye mipangilio. Halafu kuna "hela ya kuweka programu", 20,000, kwa kazi ya dakika 10, na mara nyingi wanachoweka ni nakala ya wizi isiyofunguka ukifika nyumbani. Mwalimu anayelipa kwa mshahara wake mwenyewe hastahili kufanyiwa hivi.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu, mzazi mwenzangu, ukienda dukani beba flashi yako yenye toleo la majaribio, na usikubali kuonyeshwa picha za kwenye boksi. Omba kompyuta iwashwe mbele yako na programu ifunguliwe hapo hapo. Tafuta msuguano, uweke sifuri, achia behewa 1 kutoka mita 20. Ukisoma 71 au hapo karibu, toa hela. Muuzaji akikwambia hana muda wa kuwasha, ondoka.