Kutoka uwanja wa ndege hadi mwamba wa Sigiriya: usafiri upi ulipie?

Mfalme Kashyapa alimuua baba yake, akatwaa kiti, halafu kwa kumhofia nduguye Moggallana akajenga kasri lake juu ya mwamba wa karibu mita 200 katikati ya Sri Lanka. Alitawala kuanzia mwaka 477 hadi 495, na alitaka pahali pasipofikika kirahisi. Amefaulu mpaka leo. Kutoka uwanja wa ndege wa Bandaranaike, Katunayake, ni kama kilomita 150 tu, lakini hesabu saa nne, maana sehemu kubwa ya njia inapita katikati ya miji, nyuma ya malori na mabasi.

Jua likishapanda, mwamba huo ni kikaango. Watu wenye akili hupanda lango likifunguliwa tu. Kwa hiyo nimepanga usafiri kwa kigezo kimoja: utakulaza karibu na lango jioni iliyotangulia, ukiwa bado na miguu ya kupandia ngazi zipatazo 1,200?

Namba moja ni gari na dereva, likiagizwa mapema kupitia nyumba ya wageni utakayolala. Bei ni ya gari zima, si ya kichwa, hivyo mkiwa watatu au wanne hakuna ubishi. Kabla ya kukubali, uliza kwa maandishi: mafuta, maegesho na ushuru wa barabara vimo? Ndege ikichelewa, kusubiri kunalipiwa? Mnaweza kusimama Dambulla kuona mahekalu ya mapangoni, ambayo yako njiani? Na mwambie dereva tangu mwanzo kwamba maduka ya viungo na vito hamtaki kuingia. Kamisheni anayopata huko imo kwenye bei utakayouziwa, hata akwambie wewe ni rafiki yake.

Ya pili ni teksi ya kaunta katika ukumbi wa wanaowasili. Bei yake inajulikana kabla hujapanda, nayo inamfaa anayetua usiku wa manane bila mpango wowote. PickMe, programu ya simu ya kuita teksi, mara nyingi huwa nafuu zaidi, ila kwa safari ndefu namna hii dereva anaweza kughairi, au kudai nyongeza kwa kuwa atarudi mtupu. Ijaribu ukiwa na laini ya simu ya huko na muda wa kusubiri.

Basi nimeliweka la tatu, na kwa bei tu lingekuwa la kwanza, tena kwa mbali. Unapitia Negombo hadi Kurunegala, kisha Dambulla, halafu basi dogo la kijijini mpaka Sigiriya. Nauli unampa kondakta kwa rupia, basi beba noti ndogo. Begi kubwa ni mateso, kwani hulikalia au linakukalia. Lichague ikiwa umetua asubuhi. Mabasi ya Dambulla kwenda Sigiriya huisha jioni, na hapo utabaki kupatana na bajaji kwa kilomita 20 hivi za mwisho, gizani, naye dereva anajua huna pa kwenda.

Treni nzuri kwa kutazama nchi, mbaya kwa kazi hii. Sigiriya haina stesheni. Iliyo karibu ni Habarana, kama kilomita 15, na kuifikia inabidi kwanza ushuke Colombo, upande usio wako. Ndege ya kukodi waachie wenye nazo.

Weka pembeni dola 35 hivi za kiingilio kwa mgeni. Usizihesabu ndani ya nauli. Kule juu, michoro ya wanawake ukutani hairuhusiwi kupigwa picha na walinzi hawatanii. Ukifika kwenye makucha ya simba, yale makubwa ya kujengwa penye ngazi za mwisho, utaona vibao vya kuonya juu ya nyigu: punguza kelele, kwani wanapochokozwa ngazi hufungwa na safari yako yote inaishia hapo.

Tiketi ya kurudi usiilipie haraka. Wengi wakitoka Sigiriya huendelea Kandy, kama kilomita 90, au pwani ya Trincomalee, na dereva yuleyule aliyekuleta huwa tayari kuzungumza bei ya kipande hicho.