Studio karibu na Jamatini: picha nzuri, ila mwambie asiguse rangi

Jumamosi nilimpeleka binti yangu, anayemaliza kidato cha nne, akapige picha ya kumbukumbu kwenye studio moja ya ghorofani karibu na stendi ya Jamatini. Jina silitaji, maana kijana mwenyewe ni mstaarabu na nitarudi kwake. Picha kubwa na fremu yake nimelipa shilingi 18,000, na tulisubiri nusu saa. Taa ni nzuri, kioo kipo, na feni inazunguka kweli. Kwa joto la Oktoba hapa Dodoma hilo si dogo.

Tatizo lilianzia kwenye kompyuta. Bila kuuliza, kijana akamng'arisha mtoto. Binti yangu ni mweusi ti, amemfuata bibi yake wa Kongwa. Picha ilipotoka, uso ulikuwa rangi ya andazi, lakini mikono iliyoshika kitabu magotini ilibaki vilevile. Uso wa mtu baki, mikono ya mwanangu.

"Mama, wateja wote wanapenda hivi," akaniambia.

Si mwongo. Mwaka 1994, nikiwa na umri wa huyu mtoto, mimi ningemshukuru. Shuleni niliitwa Mkaa, na mwalimu akicheka nao. Picha ya darasa ninayo mpaka leo: wenzangu maji ya kunde wanaonekana sura, mimi ni macho na meno. Nilijua kasoro ni yangu. Kumbe mikanda yenyewe ya kamera za zamani ilitengenezwa kwa kupimia ngozi ya Mzungu. Kodak, kampuni iliyotengeneza mikanda hiyo, walisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi ya mwanamke mweupe, ikaitwa Shirley, na mafundi wakalinganisha rangi kwa huyo. Miongoni mwa waliowasukuma kurekebisha ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba kahawia zao hazitoki sawasawa. Chokoleti ilisikilizwa kabla yangu!

Siku hizi kamera hazina kisingizio. Mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 wakiinadi kwamba inatoa ngozi nyeusi ilivyo. Hata kamera ya huyu kijana ilikuwa imempiga vizuri tu. Niliiona picha kabla hajaichezea, mpaka kijasho cha juu ya mdomo. Aliyeharibu ni sisi kwa sisi.

Nikiwa bado natafuta maneno ya heshima, binti akanitangulia: "Kaka, huyo si mimi. Rudisha rangi yangu." Alisema kawaida tu, kama anayedai chenji. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na dada mmoja akadakia, "Na mimi usinipake!" Kijana akairudisha, hakununa wala hakuongeza bei.

Nampa nyota nne. Jumapili baada ya ibada foleni inafika kwenye ngazi, nendeni asubuhi. Na mseme mapema, kabla hajashika kipanya.